Jelimaji: Mapendekezo ya Istilahi za Utoaji wa Dawa Mwilini

1. UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani kwa mkuza istilahi, zile zihusuzo dawa ndizo zinazomtaka awe na hadhari kubwa zaidi. Neno lililochaguliwa vibaya katika kitabu cha hadithi humchukiza msomaji. Neno lililochaguliwa vibaya katika karatasi ya maelezo ya dawa laweza kumdhuru. Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya vitu vya kitaalamu ambavyo siku hizi vimo katika vidonge vingi vya kawaida, na kupendekeza majina ya Kiswahili ambayo watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyatumia bila ya kupingana.

Chanzo cha mapendekezo haya ni sentensi moja. Si muda mrefu uliopita tuliletewa rasimu ya maelezo ya vidonge vya metiformini, dawa ya ugonjwa wa kisukari, ili tuisahihishe. Ndani yake tulikuta maneno yafuatayo: "Kidonge hiki kimetengenezwa kwa sukari nyingi za asili ya mimea ambazo huvimba tumboni, huachia dawa polepole, na kisha huoza na kutoka."

Kwa upande wa sarufi sentensi hii haina kasoro. Lakini mzee mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye mwenyewe hutumia dawa hiyo, aliisoma, akaiweka mezani na kusema: "Mwanangu, sukari nyingi ndiyo iliyonipeleka kwa daktari. Leo niimeze tena, ivimbe tumboni, kisha iozee humo humo?" Tulicheka sote. Tulipoacha kucheka tulitambua kwamba mzee wetu alikuwa ameyasoma maneno yote sawasawa, kila moja kwa maana yake ya kila siku. Kosa halikuwa la msomaji. Lilikuwa letu sisi tunaokabidhiwa maneno, kwa kuwa hatujawapa watafsiri majina yanayolingana na kitu chenyewe. Hapana budi, basi, tuanze na kitu chenyewe.

2. KITU KINACHOZUNGUMZWA

Polisakaridi ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa molekuli ndogo za sukari zilizofuatana kama shanga katika uzi. Shanga moja huitwa monosakaridi. Glukosi ni mfano wake. Wanga wa muhogo ni polisakaridi. Selulosi ya pamba na ya miti ni polisakaridi pia. Na zote mbili zimejengwa kwa shanga za glukosi. Tofauti yao iko katika namna shanga hizo zilivyoungwa. Vimeng'enya vya mwili wa binadamu huweza kuvikata viungo vya wanga, na ndiyo sababu ugali huongeza sukari katika damu. Viungo vya selulosi haviwezi kukatwa na vimeng'enya hivyo, kwa hiyo selulosi hupita tumboni bila ya kuwa sukari tena.

Polisakaridi nyingi hupenda maji. Mpishi wa mlenda au wa bamia alijua jambo hili kabla ya mwanakemia: nyuzi za polisakaridi zilizomo katika mboga hizo huyafanya maji yawe mazito na yenye kuteleza. Hata hivyo, mlenda bado hutiririka, kwa sababu nyuzi zake zi huru. Nyuzi zikifungwa pamoja hapa na pale, mambo hubadilika. Huwa wavu mmoja unaoshika maji ndani ya macho yake, wala hautiririki, bali hulinda umbo lake. Kitu cha namna hiyo chaweza kuwa maji kwa sehemu kubwa ya uzito wake, lakini kikakatika kwa kisu.

Matumizi ya vitu hivi mwilini yalipata msukumo mkubwa mwaka 1960, wakati Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Czechoslovakia, walipochapisha katika jarida la Nature maelezo ya jeli ipendayo maji inayofaa kukaa pamoja na tishu za mwili. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana lenzi laini za macho. Jeli yao ilitengenezwa maabarani na haikuwa polisakaridi, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Sasa tutazame kidonge. Dawa huchanganywa na unga wa hipromelosi, yaani selulosi iliyobadilishwa kidogo kikemia ili ikubaliane na maji, kisha mchanganyiko hugandamizwa kuwa kidonge. Kidonge kinapofika tumboni, maji hulowesha sehemu ya nje. Unga hunywa maji, hufura, na kwa muda mfupi hufanyika tabaka la jeli lililozunguka kiini kikavu. Kuanzia hapo dawa haiwezi kutoka ila kwa kupita katika tabaka hilo. Maji huingia, dawa huyeyuka, nayo hupenya pole pole hadi nje. Wakati huohuo ukingo wa nje wa jeli hulegea na kumomonyoka, kwa kuwa nyuzi za hipromelosi hazina mafundo ya kudumu, zimesokotana tu.

Kadiri muda unavyopita, dawa iliyosalia huwa na njia ndefu zaidi ya kusafiri. Mwaka 1961 Takeru Higuchi, mtaalamu wa dawa wa Marekani, alionyesha kanuni inayohusu dawa iliyotawanywa ndani ya kitu kisichomomonyoka upesi: kiasi cha dawa kilichotoka hufuata kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni kwamba, ikiwa saa 2 za kwanza zimetoa kipimo fulani, itachukua saa 8 tangu mwanzo kufikia mara mbili ya kipimo hicho.

Msomaji ataona kwamba kinachodhibiti dawa hapa si kemia ya dawa yenyewe bali ni mwili wa kidonge. Anayekisaga kidonge hicho ili akimeze kwa urahisi, au akichanganye na uji wa mgonjwa, anaivunja njia ile. Dawa iliyokusudiwa kutoka kwa siku nzima hutoka kwa mara moja. Kwa baadhi ya dawa, kama vile mofini, kosa hilo laweza kusimamisha pumzi ya mgonjwa. Hapa ndipo istilahi inapokuwa jambo la uhai na mauti.

3. VYANZO VYA POLISAKARIDI HIZI

Hipromelosi hutokana na selulosi ya miti na pamba. Ziko nyingine zinazotoka baharini, na baadhi yake zinawahusu wakazi wa pwani yetu moja kwa moja.

Alginati ilitolewa katika mwani wa rangi ya kahawia na Mwingereza E. C. C. Stanford, aliyeitangaza mwaka 1881. Mmumunyo wa alginati ya sodiamu ukidondoshwa katika maji yenye kalsiamu, kila tone huganda na kuwa chembe ya jeli papo hapo. Mwaka 1973 watafiti wa Uingereza walieleza sababu yake kwa mfano rahisi: nyuzi mbili za alginati hulaliana kama trei mbili za mayai, na ioni za kalsiamu hukaa katikati kama mayai yenyewe. Jeli hiyo husinyaa katika asidi ya tumbo na hufura inapofika katika utumbo ambako asidi imepungua. Kwa hiyo yaweza kuikinga dawa mahali pamoja na kuitoa mahali pengine.

Mwani unaolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989, aghalabu na akina mama, ni wa jamii nyingine. Spinosum na cottonii ni mwani mwekundu, nao hautoi alginati bali karagini. Karagini ya cottonii ikipata potasiamu huganda kwa jeli ngumu inayokatika. Ile ya spinosum ikipata kalsiamu hutoa jeli laini inayonepa. Karagini hutumika zaidi katika vyakula, lakini wataalamu wa dawa huichunguza na kuitumia pia. Yafaa watafsiri wajiepushe na jina la jumla "utomvu wa mwani", kwa kuwa laweza kumaanisha alginati au karagini, na vitu hivi viwili havitendi kazi sawa.

Kitosani hupatikana kwa kuibadilisha kitini, kitu ambacho Mfaransa Henri Braconnot alikitambua katika uyoga mwaka 1811, na ambacho kimo kwa wingi katika magamba ya kamba na kaa. Katika asidi, kitosani huwa na chaji chanya, ilhali ute unaofunika kuta za ndani za mwili una chaji hasi. Ndiyo maana kitosani hunata kwenye ute huo, na dawa iliyobebwa nayo hupata muda mrefu wa kukaa mahali inapohitajika.

4. MJADALA WA MANENO

(a) "Sukari nyingi"

Mtafsiri wa rasimu yetu alilivunja neno la kigeni vipande viwili, akatafsiri kila kipande. Njia hii hufaa mara nyingi, lakini hapa imeleta maana iliyo kinyume. Katika Kiswahili "sukari nyingi" ni kipimo cha sukari, wala si muundo wa molekuli. Mgonjwa wa kisukari akisoma hivyo, ana haki ya kukitupa kidonge. Neno "wanga" nalo halifai kuwa jina la jamii nzima, kwa sababu tayari ni jina la polisakaridi moja, na katika mafunzo ya lishe hutumika kwa vyakula vyote vya kutia nguvu. Twapendekeza neno lililotoholewa, polisakaridi, libaki katika maandishi ya kitaalamu na vitabu vya shule, pamoja na maelezo ya "mnyororo wa sukari" pale mwalimu anapoanza somo. Katika karatasi ya mgonjwa si lazima jina la jamii litajwe kabisa. Inatosha kutaja hipromelosi au selulosi.

(b) Ute, rojo, haidrojeli au jelimaji?

Hili ndilo jina lenye mvutano mkubwa. Wako wanaopendekeza ute, kwa hoja kwamba ni neno letu la asili na kwamba mlenda na bamia ni ushahidi tosha. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina vikwazo viwili. Kwanza, ute hutiririka na kuvutika. Hauna umbo lake. Pili, katika elimu ya viumbe neno hili limekwisha kupewa kazi: ni ute wa mwili, ule wa puani, kooni na tumboni. Tukiuita na huu wa dawa ute, tutalazimika kuandika kwamba ute wa kitosani hunata kwenye ute wa utumbo, na mwanafunzi hatajua ni upi unaonata kwa upi. Ute ubaki kwa ule wa mwili, na pia kwa mmumunyo mzito wa polisakaridi ambao haujafungwa mafundo. Rojo nalo ni zito lakini hutiririka, na limezoea jikoni.

Upande wa pili wako wanaopendekeza haidrojeli. Neno hili lina faida ya kufanana na yale ya mataifa mengine. Tatizo lake ni jirani yake. Kati ya haidrojeli na haidrojeni kuna tofauti ya herufi moja tu, na maneno yote mawili huonekana katika kitabu kimoja cha kemia. Katika chapa hafifu au mwandiko wa haraka, jeli itasomeka gesi. Aidha, msomaji asiyejua Kiyunani hapati maji yoyote katika kipande "haidro", ilhali maji ndiyo sifa kuu ya kitu hiki.

Twapendekeza jelimaji. Jeli ni neno lililokwisha kukubalika, nalo humwonyesha msomaji kitu kilaini kisichotiririka. Maji yanatajwa waziwazi. Muundo wa jina kwa jina si mgeni katika lugha yetu. Tunao katika mwanamaji na askarikanzu. Neno haidrojeli liruhusiwe kama kisawe katika maandishi ya watafiti, lakini lisitumike katika vitabu vya shule wala karatasi za wagonjwa.

(c) Fundo na jicho

Kwa sehemu za ndani za jelimaji hatuna haja ya kukopa ng'ambo. Mvuvi anao wavu, na wavu una nyuzi, mafundo na macho. Mahali nyuzi mbili za molekuli zinapofungamana paitwe fundo, na tendo lake liitwe upigaji mafundo. Nafasi iliyo kati ya nyuzi iitwe jicho. Mwalimu akisema kwamba mafundo yakiongezwa macho huwa madogo, na dawa yenye molekuli kubwa hukwama kama samaki, somo limekwisha kueleweka.

(d) Kuvimba au kufura?

Neno "kuvimba" si kosa kwa maana yake pana, lakini katika mazungumzo ya hospitali limeshikwa na maradhi. Mgonjwa akiambiwa kwamba kitu kitavimba tumboni, husikia kwamba tumbo litavimba. Kuumuka ni kwa unga wenye chachu, na husababishwa na gesi. Twapendekeza kufura, na nomino yake ufuraji, kwa kitu kinachoongezeka ukubwa kwa kunywa maji. Uvimbe uachiwe madaktari.

(e) Kuachia, kutoa na kufikisha

Kuachia ni tendo la mara moja: mtu huachia kamba, na kamba imekwenda. Kuvuja ni kasoro ya chombo. Kinachotakiwa hapa ni kitenzi chenye mpango ndani yake. Twapendekeza kutoa, na nomino yake utoaji, kwa dawa kutoka ndani ya kidonge. Dawa kupelekwa mpaka mahali panapohusika mwilini ni jambo jingine, nalo liitwe ufikishaji. Kidonge chaweza kuitoa dawa vizuri lakini isifike inakotakiwa. Kwa hiyo istilahi hizi mbili zisichanganywe.

Neno "polepole" lina hatari yake. Wasomaji wengi huona ni sawa na "si kali", na mtu aliyezidiwa akaongeza kidonge cha pili kwa kudhani cha kwanza ni dhaifu. Tena, neno hilo limetumiwa kwa aina tatu zilizo tofauti. Katika aina ya kwanza dawa haitoki kabisa mpaka muda au mahali fulani pafikiwe: huu ni utoaji uliocheleweshwa. Katika aina ya pili dawa huanza kutoka mapema lakini huendelea kwa saa nyingi: huu ni utoaji uliorefushwa. Katika aina ya tatu kasi yenyewe imepangwa: huu ni utoaji uliodhibitiwa. Kidonge cha metiformini tulichokitaja ni cha utoaji uliorefushwa, na hivyo ndivyo kifungashio chake kinavyopaswa kusema.

(f) Kuoza, kumomonyoka na kumeng'enywa

Matini ya asili ilisema kwamba jeli hubomoka kidogo kidogo kuanzia ukingoni. Mtafsiri akaandika "huoza". Kitu kinachooza kimeharibika, na dawa iliyoharibika haimezwi. Kwa tendo hili tunalo neno lililo tayari, alilolizoea kila mkulima: mmomonyoko. Pale ambapo vimeng'enya hukata nyuzi za polisakaridi, tuseme humeng'enywa. Hipromelosi humomonyoka, haimeng'enywi wala haiozi.

(g) Kapi

Lipo jambo moja ambalo rasimu ililigusa bila kulieleza. Baadhi ya vidonge vya metiformini vya utoaji uliorefushwa huacha mabaki laini yanayofanana na kidonge, nayo huonekana katika choo. Mgonjwa asiyejua hufikiri dawa imepita bila kufanya kazi, akameza nyingine. Mabaki hayo yaitwe kapi. Kila aliyepeta mpunga ajua kwamba makapi hayana mchele tena.

5. ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Polisakaridi: molekuli ndefu iliyojengwa kwa monosakaridi nyingi zilizoungana.
Jelimaji: wavu wa molekuli ndefu uliofura kwa maji na wenye kulinda umbo lake.
Fundo: mahali ambapo nyuzi mbili za molekuli zimefungamana. Wingi: mafundo.
Jicho: nafasi iliyo kati ya nyuzi za jelimaji. Wingi: macho.
Ufuraji: kuongezeka ukubwa kwa kunywa maji.
Mmomonyoko: kubomoka kwa jelimaji kuanzia ukingoni.
Umeng'enywaji: kukatwa kwa nyuzi za polisakaridi na vimeng'enya.
Utoaji: kutoka kwa dawa ndani ya kidonge au jelimaji.
Ufikishaji: kupelekwa kwa dawa hadi mahali panapohusika mwilini.
Utoaji uliocheleweshwa: utoaji usioanza mpaka muda au mahali fulani pafikiwe.
Utoaji uliorefushwa: utoaji unaoendelea kwa saa nyingi.
Utoaji uliodhibitiwa: utoaji ambao kasi yake imepangwa.
Kapi: mabaki ya kidonge yasiyo na dawa. Wingi: makapi.

6. HITIMISHO

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Tukiirudia sentensi ya rasimu kwa maneno tuliyoyapendekeza, itasomeka hivi: "Kidonge hiki ni cha utoaji uliorefushwa. Kikifika tumboni hunywa maji na kufanya jelimaji, ambayo hutoa dawa kwa saa nyingi. Kimeze kizima; usikivunje, usikitafune, wala usikisage. Ukiona kapi lake katika choo usiwe na wasiwasi, dawa yake imekwisha kutoka. Usimeze kingine kabla ya wakati."

Tulimpa mzee wetu maneno hayo bila kumweleza lolote. Aliyasoma mara moja, akauliza swali moja tu: je, akishindwa kukimeza kizima afanye nini? Hilo ni swali la daktari na la mfamasia, nao wanalo jibu, kwa kuwa dawa hiyohiyo hupatikana pia kwa vidonge vya kawaida na kwa maji. Lakini swali lake lilituthibitishia kwamba safari hii alikuwa amekielewa kidonge.

Mapendekezo haya si amri. Watafsiri watakaoyatumia, na walimu watakaoyajaribu mbele ya wanafunzi, wanaombwa watuletee maoni yao, hasa pale watakapoona kwamba neno fulani linasikika vingine katika sehemu zao. Iwapo kufura kuna maana ya aibu au ya hasira peke yake mahali fulani, au ikiwa wavuvi wa mwambao wanalo jina jingine la jicho la wavu, tungependa kulijua mapema, kabla istilahi hizi hazijachapishwa katika vitabu vya shule na juu ya vifungashio vya dawa.